Debian 13 na mashine za biti 32: nipandishe au nibaki na 12?

steshenari_mafinga:
Kamwene wakuu. Nina steshenari hapa Mafinga, si mbali na stendi. Kazi ni zilezile za wote: kopi, kuchapa barua, kuskani vyeti, kuwajazia vijana fomu za ajira na za mkopo wa bodi. Kompyuta zangu zote ni za mtumba na zote zina Debian 12, ule mfumo wa Linux wa bure unaokaa badala ya Window. Window niliiacha kwa sababu ya flashi za wateja, kila anayekuja kuprinti anakuja na virusi vyake.

Aliyenipigia Debian, yaani kuniwekea, ni mpwa wangu, sasa yuko chuo Dodoma na simu hapokei mpaka awe na shida ya hela.

Nimesoma kwamba Debian 13 haiwekwi tena kwenye mashine za biti 32. Mashine ya kaunta nikiandika `dpkg --print-architecture` inanijibu i386, yaani Debian ya biti 32. Ya kuskani nayo hivyohivyo. Ya tatu, anayotumia binti wa kuchapa, inasema amd64, yaani ya biti 64. Sasa hizo mbili ndiyo zimekufa? Halafu nina printa ndogo ya leza, dreva yake ipo ya biti 32 tu, hakuna nyingine. Nikihamia 64 printa inakwenda wapi? Ile ndiyo inalipa pango.

Na bando langu ni la kuungaunga, msiniambie nishushe GB 4 mara tatu.

kijana_wa_tukuyu:
Dada pole na kazi. Mimi ningeuza zote mbili kwa bei ya skrepa nikapanda basi kuja Mwanjelwa. Window 10 imefungiwa masasisho ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ambazo hazikubali 11 watu wanaziachia. Nyingi ni i5 nzima kabisa, ukipiga Debian 13 inaruka. Kuhangaika na biti 32 leo ni kupoteza muda.

fundi_mwanjelwa:
Kijana, wewe unatumia hela ya nani? Dada asiuze kitu bado.

Dada, hiyo amri uliyoandika inakuambia mpwa wako aliweka Debian gani. Haikuambii prosesa ina uwezo gani. Andika `lscpu`. Mstari wa kwanza utaona i686, usiushughulikie, huo unafuata kerneli (kiini cha mfumo) iliyopo. Soma wa pili, ule ulioandikwa CPU op-mode(s). Ukikuta `32-bit, 64-bit`, mashine yako ni ya biti 64 iliyovalishwa nguo ya mdogo wake, na 13 itaingia. Ukikuta `32-bit` peke yake, hiyo kweli haina njia.

Nazipokea hizi mezani kila siku. Kulikuwa na mtindo, fundi akiona RAM ni GB 2 anapiga ya biti 32 bila hata kuangalia prosesa. Prosesa za Intel za Core 2 Duo zote ni biti 64, na zimeanza kutoka 2006. Ila angalia vizuri, kuna stika nyingine imeandikwa Core Duo, bila ile 2. Hiyo ni biti 32, na madalali wanaiuza kama ndugu yake. Pentium M nazo ni 32, na vile vilaptopu vidogo vyenye Atom N270.

Sasa habari yenyewe, maana naona inasimuliwa nusunusu. Debian 13, jina lake trixie, ilitoka tarehe 9 Agosti 2025 ikiwa na kerneli 6.12. Kilichoondolewa ni kerneli na kisimikaji (programu ya kuweka mfumo) cha i386. Vifurushi vya i386 vyenyewe bado vipo kwenye hazina ya Debian mtandaoni, vimeachwa makusudi ili mtu mwenye mashine ya biti 64 aendeshe programu zake za zamani. Hapo ndipo printa yako inapopona. Ukishaweka ya amd64 unaandika:

`dpkg --add-architecture i386`
`apt update`

halafu unaweka `libc6:i386` na maktaba nyingine (mafaili ya kusaidia programu) ambazo dreva inazitaka. Kuzijua, elekeza `ldd` kwenye faili la dreva, zile zinazojibiwa "not found" ndizo za kutafuta, kila moja na mkia wake wa `:i386`. CUPS, ile programu inayosimamia printa, inabaki ya 64, dreva inabaki ya 32, wanaelewana.

Jambo moja nakukataza: usibadilishe bookworm (jina la 12) kuwa trixie kwenye mashine inayosema i386 halafu ukaendelea. Maelezo ya toleo yenyewe yanasema wenye mfumo wa i386 wasipandishe, wapige upya kama amd64 au wastaafishe mashine. Kuhama 32 kwenda 64 bila kufuta kunawezekana, lakini wao wenyewe wanaita hatari, na mimi kwa mashine ya kaunta siwezi kumshauri mtu. Hamisha kazi kwenye diski ya nje, piga upya, rudisha.

Mashine ya binti ndiyo rahisi. Kwanza iwe na masasisho yote ya 12. Kisha kwenye sources.list (faili lenye orodha ya hazina) badilisha bookworm iwe trixie, `apt update`, `apt upgrade --without-new-pkgs`, mwisho `apt full-upgrade`. Fanya siku umeme umetulia. Ukikatika katikati usipaniki wala usimpigie mpwa, ukiwaka andika `dpkg --configure -a` uendelee.

mwl_wa_njombe:
Fundi umeeleza vizuri. Niongeze la upande wangu. Pale shuleni tuna vilaptopu hivyohivyo vya N270, vya msaada. Hatuvitupi. Tunabaki na 12, ambayo timu ya LTS (wanaotunza matoleo ya zamani) imepanga kuiangalia hadi Juni 2028. Kwa mtoto kujifunza kuandika na kupanga mafaili, kinatosha sana.

Kitakachotuumiza ni kivinjari. Mozilla walitangaza kwamba Firefox ya biti 32 kwa Linux inaishia toleo la 144, na ile ya ESR 140 (toleo linalotunzwa muda mrefu) itaendelea kupewa marekebisho ya usalama hadi angalau Septemba 2026. Kwa hiyo dada, mashine ya 32 isiwe ile ya kujazia watu fomu zenye namba za NIDA na nywila zao. Hilo nakuomba.

Swali langu kwa fundi: kwa nini wasiendelee tu? Kodi ya programu ipo, imeandikwa tayari.

fundi_mwanjelwa:
Mwalimu, kodi ikiwepo bila mtu wa kuijaribu inaoza. Debian ni ya watu wa kujitolea. Desemba 2023 timu ya matoleo ilishasema kwamba timu za kerneli, kisimikaji na diski hazitaendelea na i386, kwa hiyo halikuwa la ghafla, ila huku tunasikia mambo yakishafika mlangoni.

Kuna na suala la saa. Mifumo mingi ya biti 32 inahesabu sekunde kuanzia 1970, na tarehe 19 Januari 2038 hesabu inajaa, tarehe inarudi 1901. Kwenye 13 wamehamisha armhf (Debian ya prosesa za ARM za biti 32) kwenda saa ya biti 64, wamepanga upya maktaba kibao. i386 wakaiacha na saa ya zamani kwa makusudi, kwa sababu faida yake iliyobaki ni kuendesha programu kongwe kama hiyo dreva ya dada, na ukiibadilisha saa, programu hizo zinavunjika. Kwa hiyo wameitunza kwa sababu ya uzee wake. Mimi naona wamefanya kiungwana.

Kuhusu bando: weka `apt-cacher-ng` kwenye mashine moja. Kifurushi kinashuka mara moja kwa bando, mashine nyingine inakichukua hapohapo dukani kupitia waya. Kwenye mashine nyingine unaandika mstari mmoja ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/ unaoelekeza kwenye anwani ya ile ya kwanza, mlango 3142. Hazina zako ziwe za http, zikiwa https haitunzi. Na diski ya kusimikia chukua netinst, ile ndogo inayoshusha mengine mtandaoni, iko chini ya GB moja.

steshenari_mafinga:
Nimerudi. Kaunta imesema `32-bit, 64-bit`! Ya kuskani imesema `32-bit` tu, nikageuza kava nikaona stika: Core Duo, bila 2. Madalali hawa.

Kwa hiyo kaunta inapigwa upya, ya binti inapandishwa, na ya kuskani nafikiri niipeleke kuchapia tu, bila intaneti, skana ihamie kaunta. Nimepanga sawa? Kaunta ina RAM GB 2.

kijana_wa_tukuyu:
Sawa nimekubali, usiuze kaunta. Core Duo uza lakini 😂

fundi_mwanjelwa:
Umepanga sawa. Ila kwa GB 2 na skana juu yake, kuna kitu cha 13 kitakusumbua usipokijua. Sasa hivi /tmp, folda ya mafaili ya muda, inakaa kwenye RAM, na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Mteja akija na vyeti vya ukoo mzima uviskani kwa rangi vitoke PDF moja, programu ikirundika kurasa zake humo, mashine itakwama wewe useme Debian 13 ni nzito. Andika:

`systemctl mask tmp.mount`

uwashe upya, /tmp inarudi kwenye diski kama ilivyokuwa. Na wakati wa kusimika, kwenye mazingira ya skrini chagua Xfce ambayo ni nyepesi, GNOME iache.

Kabla hujafuta kaunta, weka Debian 13 live kwenye flashi, washia hapohapo ujaribu printa na skana kwa mkono wako. Diski haiguswi. Printa ikitoa ukurasa mmoja ukiwa kwenye flashi, itatoa na baada ya kusimika. Isipotoa, leta hapa majibu ya `ldd` kabla hujafuta chochote.

mwl_wa_njombe:
Na hiyo Core Duo usimpe huyo kijana. Nikipita Mafinga mwisho wa mwezi nitaichungulia, RAM yake huenda ikaingia kwenye mojawapo ya zetu.

kijana_wa_tukuyu:
Mwalimu umeniwahi. Ndaga fijo fundi, hiyo ya tmp.mount hata mimi nimeibeba, laptopu yangu ilikuwa inakwama nikadhani ni joto la Kyela.