Jangwa langu linatoka kama pwani: msaada wa wino na rangi za maji

Mchoraji wa Wete
Assalaam aleikum wajuzi. Mwaka jana nilikwenda Maskati kwa khalati, binamu zangu wakanipeleka Bidiyah, kwenye jangwa la mchanga wa Sharqiya, huko huko Omani. Kule nilichora kwa penseli tu, rangi nikasema nitatia nikirudi Pemba. Nimeshaharibu karatasi kumi na moja. Mama kila akitazama huuliza, "Hapa ufukweni Vumawimbi?"

Natangulia na wino mweusi wa chupa kwa kalamu ya nibu, kisha napitisha rangi. Karatasi ni ya uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba. Wino unachuruzika, njano inageuka tope, na matuta yanalegea kama mito ya kulalia. Nami nautaka ule upana. Juu ya lile tuta moyo wangu ulinyamaza, na sijui nauwekaje kwenye karatasi.

Fundi wa Jambiani
Waaleikum salaam bibie. Ujaribu wino kwanza. Piga mstari, uache mpaka kesho, kisha upitishe brashi yenye maji. Ukitoka, huo si wa kutangulia, upige mwisho. La sivyo tafuta wino usioyeyuka ukishakauka.

Halafu masika haya hewa yetu imeshiba maji. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja: ikiwa baridi, bado ni mbichi. Gramu 200 nayo hujikunja, maji yakatuama mabondeni. Chukua 300, au iloweshe, uibandike ubaoni pande zote nne ikauke imevutika.

Mwalimu mstaafu, Mji Mkongwe
Mwanangu, kabla ya wino nina swali. Matuta makubwa ya Sharqiya yamelala kaskazini kwenda kusini. Ulipokuwa juu ulitazama wapi, na saa ngapi?

Mchoraji wa Wete
Magharibi, mwalimu. Magharibi ya saa kumi na mbili kasoro, jua linashuka mbele yangu.

Mwalimu mstaafu, Mji Mkongwe
Basi ndipo hapo. Jua lilikuwa mbele yako, kwa hiyo pande zinazokutazama zote zilikuwa kivulini. Wewe umezitia njano ya mchana, na mchanga wa njano uliolala chini ya mbingu ya buluu kwetu ni ufukwe.

Kivuli cha jangwani hupata mwanga wa mbingu, kwa hiyo kina buluu ndani yake. Changanya ultramarini, ile buluu iliyokoza, na siena ya kuchoma, ile kahawia yenye wekundu. Kitie kwa pigo moja kwenye karatasi kavu kabisa, ukingo wa juu ubaki mkali kama wembe, chini ukilainishe kwa maji safi. Juu ya ukingo acha uzi mwembamba wa karatasi tupu, ndio mwanga.

Ulisimama juu, ukaona safu nyuma ya safu. Upandishe upeo wa macho uzipatie nafasi. Kila safu inayokwenda mbali iwe nyepesi zaidi. Wino uwe wa tuta ulilosimama tu, na kichaka kama kilikuwepo. Huko mbali usitie hata nukta. Wengi huchora kila tuta kwa wino, na hapo ndipo upana unapokufa.

Mchoraji wa Wete
Nimelitazama tena daftari la penseli. Kweli, kivuli nilikichora mwenyewe kule kule, nikakisahau nilipofungua njano.

Jana nimejaribu kwenye nusu karatasi: safu tano, wino kwenye safu moja. Ya tatu imeniharibikia, nilishindwa kusubiri ikauke. Mama amekuja na kikombe chake cha chai, akasimama kidogo, akauliza, "Huko jua lilizama saa ngapi?"