Wiki ya Nane Nane kwa watoto wa chekechea: tuwafanyie shughuli gani za mavuno?

Mlezi wa chekechea, Tabora mjini

Habari zenu, wapendwa. Ninalea watoto 23 wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano katika kituo kidogo hapa mjini, na mwaka huu nimeazimia kwamba wiki ya Nane Nane isipite kama ilivyopita mwaka jana, tulipowavalisha watoto kofia za karatasi, tukawapiga picha, kisha tukawarudisha nyumbani wakiwa hawajui hata sikukuu yenyewe ni ya nani.

Nimetafuta mtandaoni shughuli za sikukuu ya mavuno kwa watoto wadogo, na karibu zote nilizozipata ni za Marekani: kuchonga maboga, kubandika majani yaliyogeuka rangi, kuchora bata mzinga kwa kufuatisha kiganja cha mkono. Sikukuu yao ya Shukrani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, wakati ambao sisi huku tunatazama mawingu na kuandaa mbegu, si kuvuna. Boga nitalipata, lakini kisu mkononi mwa mtoto wa miaka mitatu sikitaki.

Nikafikiria kuwapa mahindi, maharage na karanga wabandike kwa gundi na kutengeneza picha. Mama mkwe wangu aliposikia hivyo alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kama gunia letu limejaa kiasi hicho. Ninyi wenzangu huwa mnafanya nini?

Mwalimu wa darasa la awali, Urambo

Mwalimu mwenzangu, mama mkwe wako ana haki, na mimi nina sababu nyingine ya kumuunga mkono. Miaka michache iliyopita niliwapa watoto wangu maharage ya kubandika, na mmoja wao akaingiza harage puani bila kumwambia mtu. Tuligundua siku ya pili, mama yake alipomleta akihema kwa mdomo, na kwa kuwa harage likilowa huvimba, ilibidi litolewe na daktari huku mtoto ameshikwa miguu na mikono. Kosa lilikuwa langu na sijalisahau. Karanga nzima ni mbaya zaidi, kwa sababu mtoto wa umri huo hupaliwa kirahisi, nayo ikiingia kwenye njia ya hewa hali huwa ya hatari mara moja.

Tangu siku hiyo nafaka ninawapa kwa ajili ya kazi, tena nikiwa nimeketi nao, na mchezo tunaufanya kwa yale yanayobaki. Kazi yenyewe ni kupukuchua. Hindi kavu ni gumu kwa vidole vyao, kwa hiyo mimi hutangulia kung'oa mistari miwili ya punje. Mstari ukishafunguka, mtoto anasukuma kwa dole gumba na punje zinaangukia kwenye ungo kwa mlio ambao, sijui kwa nini, huwanyamazisha wote. Mahindi mawili kwa kila mtoto yanatosha, kwani zaidi ya hapo vidole vinauma na wanaanza kurushiana. Punje hizo tunazipeleka mashineni, na kesho yake wanakunywa uji wa unga wao. Mtoto aliyekuwa akikataa uji kila siku aliumaliza na kuniuliza hindi lake lilikuwa upande gani wa kikombe.

Chagueni mahindi kabla ya kuwapa, na yenye ukungu yatupwe, wala msimpe kuku. Mnakumbuka sumukuvu ilivyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Magunzi sasa ndiyo mali ya mchezo. Gunzi likifungwa kipande cha kanga kuukuu ni mtoto wa kubeba mgongoni, na maganda ya mahindi yaliyochanwachanwa yanakuwa nywele zake. Gunzi likiviringishwa kwenye rangi na kupitishwa juu ya karatasi linaacha alama za vishimo zilizopangana vizuri kuliko muhuri wowote wa dukani. Kama hakuna rangi, udongo mwekundu uliokorogwa na maji unafaa. Magari ya mabua ni mazuri kwa wale wakubwa, ila tumieni bua la mahindi na mlimenye ninyi wenyewe, kwa sababu ganda la bua la mtama hukata kama wembe.

Mama wa Sikonge

Naunga mkono hoja ya mwalimu wa Urambo, na ninaongeza viazi vitamu, ambavyo naona mmevisahau ilhali ndivyo vinavyotulisha. Agosti huku jua ni kali na hakuna mvua, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kuwaonyesha watoto jinsi michembe na matobolwa yanavyotengenezwa. Kwa wageni wa mkoa wetu: michembe hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, na matobolwa huchemshwa kwanza. Kwa watoto wadogo chagueni matobolwa, kwa kuwa kiazi kilichochemshwa ni laini na mtoto anaweza kukimenya kwa vidole. Mtu mzima anakata, wao wanapanga vipande kwenye mkeka, na kila asubuhi wanakwenda kuvigeuza na kuvigusa kama vimekauka. Wangu walikuwa wakivionja kila walipovigeuza, na siku ya tatu mkeka ulibaki na vipande tisa.

Asali pia ni zao letu. Mwombeni mrina asali yeyote awaazime mzinga mtupu wa gogo, wauchungulie na kuugonga, kisha kila mmoja aonje kijiko kimoja. Angalizo ni moja tu: kama mama atakuja na mtoto mchanga mgongoni, aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo.

Baba wa watoto wawili, Kigoma

Ninyi wa Tabora mmependelewa, kwa kuwa viwanja vya maonesho ya Kanda ya Magharibi viko hapo Ipuli, na sisi hulazimika kupanda gari moshi au basi. Wapelekeni watoto, lakini si tarehe 8 yenyewe, maana umati wa kilele si wa watoto wadogo. Maonesho huanza tarehe 1, hivyo chagueni asubuhi ya siku za mwanzo, nendeni moja kwa moja kwenye mabanda ya mifugo, na mkishakaa muda wa saa moja na nusu rudini. Mimi niliwazungusha wanangu kwenye matrekta, mbolea na mashine za kukamua alizeti hadi mmoja akalala begani. Walichokumbuka nyumbani ni sungura. Andikeni namba ya simu ya mlezi kwenye kitambaa na kukishonea ndani ya shati, kwa sababu mtoto aliyepotea husahau hata jina la mama yake.

Mlezi wa chekechea, Tabora mjini

Nawashukuru sana. Gundi na maharage nimeviacha. Jumatatu tutapukuchua, Jumanne tutakunywa uji na kuchezea magunzi, Jumatano asubuhi tutakwenda Ipuli kwa sungura, na mkeka wa matobolwa utakaa uani wiki nzima chini ya ulinzi, kwa kuwa nimemsoma mama wa Sikonge nikaelewa. Mzinga bado ninautafuta. Mwenye nao karibu na mjini aniambie.

Mama mkwe nimemsomea majibu yenu yote. Amesema atakuja siku ya kupukuchua na ungo wake mwenyewe, na jioni atarudi nao.