Kumzoeza kozi, ndege wa kuwindia: burka na kubebwa barazani, au mizani na filimbi?

MwanaSeeb: Asalaam aleikum. Nataka kununua kozi wangu wa kwanza kabla msimu haujaanza. Wazee wa hapa Omani wanasema nimvishe burka ya ngozi, ile kofia ya kumziba macho, nimbebe mkononi barazani kila jioni mpaka awazoee watu. Binamu yangu aliyeko Uingereza anasema hayo mateso, eti mizani ya kumpimia uzito, filimbi na nyama vinatosha. Nifuate ipi?

KoziMweusi: Wa alaykum salaam. Kozi wa aina gani, huri (saker) au shahini (peregrine)? Wa kuzalishwa au wa porini? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Mpemba_Bradford: Filimbi na nyama! Mwewe wangu wa aina ya Harris hajui burka. Akiwa na gramu 620 hivi ana njaa, anakuja kwenye glavu mara moja. Akifika 650 keshashiba, ananitazama tu toka mtini.

KoziMweusi: Harris kwao Marekani huwinda kwa kundi, ndiyo maana huelewana na watu upesi. Usimlinganishe na shahini.

UmmSalim: Hiyo mizani muiogope. Mume wangu alimpeleka huri kwa mwalimu mmoja anayesifiwa kwamba humaliza kazi haraka. Kumbe anamkatia chakula. Tulipomfuata, ndege mpole ajabu: manyoya yametutumka, mlango ukibamizwa hata hageuki. Nikampapasa kifua, mfupa umechongoka, pembeni hakuna nyama. Kinyesi kijani kibichi. Na mwalimu anatuambia, "Si mnaona alivyotulia?" Daktari alimlisha kwa mrija mpaka akapata nguvu, lakini msimu wote aliumalizia kwenye kiegemeo.

MwanaSeeb: Pole sana dada. Wangu ni shahini jike wa kuzalishwa. Uzito sijui, bado yuko kwa muuzaji.

KoziMweusi: Kalelewa na wazazi wake au na watu tangu kifaranga? Huyo wa pili atakuona wewe ndiye mama, atakupigia kelele za njaa kutwa. Wa kwanza mvishe burka: asipoona hatapatapi, na manyoya hayavunjiki. Na karatasi za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama walio hatarini, dai kabla hujatoa hata baisa.

Mpemba_Bradford: Siku hizi hata huko kwenu droni ndiyo inavuta chambo juu, mnang'ang'ania baraza.

Dullah_AlAin: Droni inajenga kifua, haimfundishi kukaa na watu. Hivi mnawalisha njiwa au kware?

UmmSalim: Kware. Njiwa wana vijidudu vya kooni, kozi akiambukizwa anashindwa kumeza.

Dullah_AlAin: Kware wamepanda bei, bibie. Kuna anayeuza kwa jumla upande wa Buraimi?