Naomba ushauri: ndoo ya mboji inanuka na ina funza, mfuko wa plastiki unakataliwa, na kabati limejaa betri na dawa

Uani_Nyuma

Habari zenu wakuu. Nyumba ina watu 5 na kiuga cha mita 2 kwa 2, sakafu ya zege, hakuna bustani. Nataka kupunguza mifuko ya taka inayotoka kila wiki, lakini nimekwama sehemu tatu.

Kwanza, mboji. Ninatumia ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, haina tobo hata moja. Ndani ni maganda, mabaki ya mboga na majani ya chai. Wiki ya 3 inanuka kama mayai viza, chini kuna maji meusi na juu kuna funza weupe.

Pili, plastiki, karatasi, makopo na chupa vinakaa mfuko mmoja. Anayekusanya taka za kuchakatwa anarudisha karibu nusu.

Tatu, kabatini kuna betri ndogo za rimoti, simu ya zamani, dawa zilizopitwa na muda, taa ya tyubu iliyoungua, nusu kopo la rangi ya mafuta na lita 3 za oili chafu ya gari. Je, vile visivyochukuliwa na mtu vichomwe tu uani?

Bi_Mboji

Karibu. Nianze na ndoo, maana ndiyo inayowakatisha wengi tamaa na dawa yake ni rahisi.

Harufu ya mayai viza maana yake hewa imekosekana. Mabaki ya jikoni kwa sehemu kubwa ni maji, na ndoo yako haina pa kuyatolea, kwa hiyo vijidudu vinavyohitaji hewa vimekufa na vimebaki vile vya kuozesha. Mboji nzuri inanuka udongo baada ya mvua.

Kuiokoa: mwaga vyote juu ya gunia. Chana maboksi yasiyo na nta vipande vya ukubwa wa kiganja, au tumia majani makavu, kiasi kinacholingana na mara mbili ya ujazo wa ule uozo, kisha changanya. Halafu chukua konzi moja ukamue kwa nguvu. Likitoka tone moja au mawili, unyevu unatosha. Maji yakichirizika, ongeza vikavu. Lisipotoka tone na konzi likasambaratika, nyunyiza maji kidogo.

Ndoo yenyewe itoboe kwa keekee ya milimita 6 hadi 8. Tobo 12 chini, na ubavuni safu za tobo 8 kila baada ya sentimita 10 kupanda juu. Bandika kipande cha chandarua kwa ndani kwenye tobo za ubavuni, nzi wasipite. Isimamishe juu ya matofali mawili na uweke sinia chini. Tandika vijiti au boksi lililokunjwa kunjwa sentimita 5 chini kabisa, ndipo uanze kujaza.

Kanuni ya kila siku: kikombe kimoja cha mabaki, vikombe viwili vya vikavu. Sababu yake ni kwamba vijidudu vinataka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Maganda ya jikoni yana takriban 15 hadi 20 tu, majani makavu yanakaribia 50 au zaidi, na vumbi la mbao linapita 300. Ndiyo maana vumbi la mbao hutiwa kwa konzi, ukilijaza mboji inalala miezi bila kubadilika. Na lisiwe vumbi la mbao zilizopakwa dawa, wala la mbao za kubandikwa kwa gundi.

Funza: kila unapoweka mabaki, malizia na tabaka la vikavu la sentimita 3 hadi 5. Nzi wa nyumbani anataka kutaga juu ya kitu kibichi kilicho wazi, akikuta vikavu anaondoka. Ukiona mabuu manene, ya rangi ya udongo, yenye pingili zinazoonekana, hao ni wa nzi askari mweusi na hawana madhara. Wanakula haraka sana, ila huacha uji uji, kwa hiyo ongeza boksi.

Yale maji meusi usimwagie mboga zinazoliwa mbichi. Yametoka kwenye uozo usio na hewa na yanaweza kuwa na vimelea. Yanyweshe vipande vya boksi uvirudishe ndooni, au punguza sehemu 1 kwa maji sehemu 10 umwagie chini ya mti wa kivuli.

Kijiko_cha_Majivu

Kwa harufu, mwagia majivu au chokaa kopo zima kila wiki. Inakata mara moja.

Bi_Mboji

Inakata harufu ya leo na kuharibu mboji ya kesho, ndugu yangu. Majivu na chokaa ni alikali. Yakikutana na naitrojeni iliyo kwenye mabaki, naitrojeni inageuka amonia na kupaa hewani. Utasikia harufu kali ya mkojo badala ya mayai viza, na mbolea yenyewe imeondoka na hewa. Kijiko kimoja cha chakula cha majivu ya kuni tupu kwa ndoo nzima kinatosha, tena si lazima. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi yasiingie kabisa.

Dada_Mfuniko

Naongezea kwa Bi_Mboji. Ndoo ya lita 20 haishiki joto. Lundo linalofikia nyuzi 55 hadi 65 linahitaji ukubwa wa karibu mita 1 kila upande, na joto hilo likae siku kadhaa ndipo vimelea na mbegu za magugu vife. Kwa sababu ndoo haifiki huko, vitu hivi visiingie: nyama, samaki, mafuta, maziwa, kinyesi cha paka au mbwa, nepi, na magugu yenye mbegu. Maganda ya mayai yaponde kwanza, vinginevyo utayakuta mazima baada ya mwaka.

Uwe na ndoo 3 zinazofanana. Moja inajazwa, ya pili imejaa na inapumzika, ya tatu inatumika. Inayojazwa igeuze kila baada ya siku 3 au 4 kwa kijiti kirefu hadi chini. Kwa mpango huo hesabu miezi 3 hadi 4 tangu ijae. Kuipima: jaza konzi mbili kwenye mfuko, funga siku 3, fungua unuse. Ikinuka uchachu au amonia haijaiva, na mboji isiyoiva huunguza mizizi michanga. Ikiiva, changanya sehemu 1 ya mboji na sehemu 2 au 3 za udongo. Usipande kwenye mboji tupu.

Ukiona ndoo 3 hazitoshi, jambo la kwanza si kununua ya nne. Pima mabaki kwa mizani siku 7 mfululizo, maganda peke yake na chakula kilichopikwa kikaachwa peke yake. Hicho cha pili kinapunguzwa kwenye sufuria kabla hakijafika ndooni.

Mchambuzi_Plastiki

Mfuko unaokataliwa, mkuu, karibu kila mara una shida moja: vibichi vimelowesha vikavu. Karatasi iliyolowa supu au mafuta hairudi kuwa karatasi, kwa sababu karatasi huchakatwa majini na mafuta hayaachani na nyuzi. Mabaki ya kopo moja yakimwagikia karatasi za kilo 3, umepoteza kilo 3. Kwa hiyo vibichi viachane na vikavu palepale jikoni. Ukisubiri hadi jioni uje kuchambua umechelewa.

Suuza makopo na chupa kwa maji uliyokwisha oshea vyombo, hayahitaji kung'aa. Yakauke kichwa chini, ndipo yaingie mfukoni.

Ile namba 1 hadi 7 ndani ya pembetatu inataja aina ya plastiki, basi. Haiahidi kwamba itapokelewa. Namba 1 ndiyo chupa za maji na soda, 2 ni madumu na chupa nzito za sabuni, 4 ni mifuko laini, 5 ni vifuniko na makopo ya kuhifadhia chakula. Hizo 1 na 2 ndizo zinazopata wanunuzi kwa urahisi. Muulize mkusanyaji wako anapokea namba zipi, andika kwenye karatasi, bandika juu ya pipa.

Isiyo na namba, kata kipande, kitie kwenye maji yenye tone la sabuni, kizamishe kwa kidole kuondoa mapovu, kisha kiachie. Namba 2, 4 na 5 huelea. Namba 1, namba 3 (PVC, ile ya mabomba) na namba 6 iliyo ngumu, si ile ya povu, huzama. Viwandani nao hutumia maji hivyo hivyo: chupa ikisagwa, vipande vya chupa huzama na vya kifuniko huelea. Namba 3 ikiingia kidogo tu kwenye mzigo wa namba 1 inauharibu, maana huungua na kutoa tindikali kabla namba 1 haijayeyuka.

Kopo linaloshikwa na sumaku ni chuma, lisiloshikwa kwa kawaida ni aluminiamu. Aluminiamu usiitupe kamwe, kuiyeyusha upya kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye mawe yake. Bilauri, vioo vya kujitazamia, sahani za udongo na vyombo vya oveni visichanganywe na chupa za glasi, vinayeyuka kwa joto tofauti. Risiti za mashine nazo, zile ukikwaruza kwa ukucha zinaacha alama nyeusi, zina kemikali juu yake, kwa hiyo ziende kwenye taka za kawaida, zisiingie kwenye karatasi wala kwenye mboji. Vipakiti vinavyong'aa ndani vina tabaka za plastiki na aluminiamu zilizogandana, na ni nadra kupata wa kuvipokea. Hapo ujanja ni kununua pakiti moja kubwa badala ya vidogo kumi.

Fundi_Salama

Nijibu la kuchoma kwanza: usichome. Moto wa uani haufiki joto la kumaliza sumu. Plastiki namba 3, maganda ya nyaya na ngozi bandia vina klorini, vikiungua hutoa tindikali na daioksini, na daioksini hutua kwenye majani na udongo na kukaa miaka. Kopo la kupuliza lenye gesi hulipuka.

Betri za rimoti: bandika selotepu kwenye ncha, ziweke kwenye chupa kavu ya plastiki, peleka panapopokelewa taka za kielektroniki. Zile za mviringo kama kifungo zifunge selotepu pande zote mbili siku hiyohiyo na uziweke mbali na watoto. Mtoto akimeza moja huanza kuunguza koo ndani ya saa 2, hiyo ni safari ya hospitali papo hapo.

Taa ya tyubu ina miligramu chache za zebaki. Irudishe kwenye boksi lake, isivunjike. Ikivunjika, toa watu, fungua madirisha dakika 10 hadi 15, okota vipande kwa karatasi ngumu, vumbi livute kwa selotepu, vyote viingie chupa ya glasi yenye mfuniko. Usifagie wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi, inarusha zebaki hewani.

Oili chafu ibaki kwenye dumu lake bila maji, petroli wala rangi, kwa sababu iliyochanganyika haisafishwi tena. Peleka gereji inayokusanya oili. Rangi ya mafuta ikiwa bado nzima, mpe mwenye kazi ya kupaka. Ikiwa imeharibika, funga kopo vizuri lipelekwe na taka hatari. Jihadhari na matambara uliyofutia rangi ya mafuta au mafuta ya kitani: yakirundikwa yanapata joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke yakiwa yameachana, au yaloweke kwenye kopo la chuma lenye maji.

Dawa zirudishwe famasi kama wanapokea. Kama hawapokei, zitoe kwenye pakiti, usizisage, changanya na udongo au makapi ya kahawa, funga kwenye mfuko imara, ndipo ziingie kwenye taka za kawaida. Futa jina lako kwenye pakiti. Zisimwagwe chooni. Sindano na nyembe ziingie chupa nene ya plastiki, uifunge ikifika robo tatu.

Na mabaki ya dawa za kusafishia usiyachanganye kwenye chombo kimoja ili kuokoa nafasi. Ya klorini ikikutana na ya tindikali hutoa gesi ya klorini, ikikutana na ya amonia hutoa gesi nyingine ya kuunguza mapafu.

Uani_Nyuma

Shukrani sana wote. Ndoo nitaitoboa leo. Kuna jambo sikulisema: ile simu ya zamani kifuniko cha nyuma kimeinuka, naona betri imevimba. Niitoe betri nizitenganishe?

Fundi_Salama

Usiitoe, mkuu. Betri iliyovimba imejaa gesi, na ukiikwangua kwa bisibisi tabaka za ndani zinagusana na inawaka. Usiichaji, usiibonyeze irudi, izime simu kama bado inafanya kazi. Iondoe kabatini leo: iweke kwenye kopo la chuma au chungu, ifunike kwa mchanga mkavu, mfuniko usibane ili gesi ipate pa kutokea. Kopo likae nje juu ya zege, kivulini, mbali na zile oili na rangi. Unapoipeleka kwa fundi simu au kituo cha taka za kielektroniki, mwambie kabla hajaipokea kwamba imevimba. Ikianza kutoa moshi njiani, iweke chini mahali pa wazi, usiuvute ule moshi, sogeza watu mbali.