Naomba ushauri: stapelia yangu inadondosha matumba

Habari zenu wapendwa. Nina stapelia kubwa kwenye chungu, huu mwaka wa tatu. Ukiiona utadhani dungusi lisilo na miiba: mashina manene ya pembe nne, laini kama mahameli. Ua lake ni nyota ya njano yenye mistari ya rangi ya damu ya mzee, na huweza kufika upana wa sentimita 40. Linanuka mzoga! Ndivyo linavyowaita nzi walichavushe. Wengine hudanganyika hadi wakataga mayai juu yake, na funza wakitoka hawana cha kula. Rafflesia ya Sumatra, yenye ua kubwa kuliko yote duniani, nayo huwavuta nzi kwa harufu ya nyama iliyooza.

Shida yangu: safari hii yalitokea matumba matano, manne yamegeuka njano na kudondoka kabla ya kufunguka. Chungu kiko barazani, kinapata jua la asubuhi tu. Namwagilia kila baada ya siku mbili, na udongo ni wa mfinyanzi wenye samadi. Je, maji yamezidi? Nichanganye mchanga na kokoto? Nikikihamishia juani sasa, tumba lililobaki litapona? Nimelisubiri sana ua hili. Aliyewahi kuiotesha naomba anisaidie.