Tupeane uzoefu: uling'oa jino, halafu yakakukuta nini?

Gego la Chini: Wakuu, waliopitia haya waniambie. Leo siku ya nne tangu ning'olewe gego la mwisho la chini. Siku mbili za mwanzo nilikuwa mzima, hata dawa ya maumivu nikaacha. Jana usiku yameanza maumivu ambayo jino lenyewe halikuwahi kunipa. Yanapanda hadi sikioni, mdomo unanuka, na kwenye kioo naona shimo tupu. Damu iliyoganda haimo tena.

Subira: Hapo pa sikioni umenikumbusha mbali. Hilo ni tundu kavu. Bonge la damu likitoka mapema, mfupa unabaki wazi. Mimi niliteseka siku tano nikidhani ndivyo kidonda kinavyopona, nalala nimekaa, shavu nimelishika mkononi. Niliporudi, daktari aliliosha tundu, akajaza utepe wenye dawa inayonukia karafuu. Kabla sijafika mlangoni maumivu yalishatulia. Nililia kwa ajili ya zile siku tano. Rudi leo.

Mpole: Dawa hiyohiyo ya karafuu. Mimi nilibadilishiwa mara mbili, nikapona.

Jasiri: Ukitoka tu kwa daktari sukutua na maji ya chumvi, tundu linakuwa safi. Nimeng'oa matatu hivyo hivyo, sijaugua.

Subira: Hapana, ndugu yangu. Hivyo ndivyo bonge linavyotoka. Saa 24 za mwanzo husukutui, hutemi kwa nguvu, hunyonyi mrija, na sigara usiiguse. Chumvi ni kuanzia kesho yake, maji ya vuguvugu, taratibu.

Jasiri: Kila mwili na wake.

Subira: Mwili wako usimponze mwenzako.

Binti Mkubwa: Sisi ilikuwa damu. Baba anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Usiku kucha inachuruzika, na sisi kila baada ya dakika tano tunatoa pamba tuone kama imekata. Kumbe kule kuangalia ndiko kulikokuwa kunaizuia isikate. Muuguzi alikunja pamba nene, akamwambia ang'ate dakika 30 bila kufungua kinywa. Ikakata. Na warfarini usiiache kwa uamuzi wako, muulize daktari aliyekuandikia.

Shemeji Mtu: Nimesita kuandika, lakini hapo juu kuna mtu kasema alivumilia siku tano. Mdogo wa mke wangu alivumilia pia. Jino bovu la chini, likang'olewa, kesho yake uvimbe. Tukasema uvimbe ni kawaida, na mara nyingi ni kweli. Ila huu ulishuka chini ya taya, pande zote mbili, mgumu kama ubao. Jioni hawezi kufungua kinywa, mate yanamtoka kwa sababu hamezi, sauti imekuwa nzito kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Akakataa kulala chali; akilala anakosa pumzi. Hapo ndipo tulipokimbia. Wakampitishia mpira wa kupumulia, wakamchana shingoni kutoa usaha. Daktari alisema ni angina ya Ludwig, yaani maambukizi makali chini ya ulimi na taya, na kwamba tungengoja asubuhi tungempoteza. Yu hai, ana kovu.

Mpole: Mungu mkubwa. Nimesoma nimesimama.

Binti Mkubwa: Kwa hiyo mkuu Gego, homa unayo? Unameza vizuri? Kinywa kinafunguka?

Jasiri: Kama una antibayotiki zilizobaki nyumbani anza nazo kwa usalama.

Shemeji Mtu: Tafadhali usimwambie hivyo! Tundu kavu haliponi kwa antibayotiki, na kama ni usaha, vidonge viwili vya masazo vitamchelewesha kama vilivyotuchelewesha sisi.

Kimya: Mimi ni ganzi. Wiki ya tatu, nusu ya mdomo wa chini haijarudi.

Mpole: Wangu ulichukua miezi minne, ulianza kwa kuchomachoma. Mwone daktari aliyeling'oa jino, apime na kuandika kwenye faili ganzi inaishia wapi, mtajua kama inapungua.

Gego la Chini: Nimerudi sasa hivi. Ni tundu kavu kweli. Ameosha, ameweka utepe, kesho kutwa anabadilisha. Sikio limenyamaza. Homa sina, nameza vizuri. Shemeji Mtu, tangu nisome habari yako nimejigusa chini ya taya sijui mara ngapi. Ni laini. Naenda kulala.