Kijana analala juu ya meza za soko Mabibo, nimsaidieje?

MamaShani: Habari zenu. Nauza ndizi hapa soko la Mahakama ya Ndizi. Kuna kijana wa miaka 17, ametokea Singida, usiku analala juu ya meza zetu katandika maboksi. Alfajiri anatushushia mikungu, akimaliza anafagia bila kutumwa. Baba Shani hataki aje nyumbani, na namwelewa, tuna mabinti na chumba ni kimoja. Ila masika haya, roho inaniuma. Nianzie wapi?

Mzee wa Kigogo: Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo bado mtoto. Nenda ofisi ya kata umwone afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Usimhangaikie kimyakimya.

FundiGeti: Shikamoo mama. Mimi nimewahi kulala Feri, soko la samaki, mchana napara samaki. Aliyenitoa ni mama lishe wa palepale, na hakunipa hela. Alinitunzia zangu. Kila jioni nampa, anaandika kwenye daftari nikiona, anatia kwenye kopo la maziwa. Ukilala nje na hela unaamka huna, hata viatu vinakwenda. Ndiyo maana wengi wetu tulikuwa tunazimaliza jioni ileile, watu wakatuita wahuni.

Kodi ilipotimia, alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba Tandika: "Huyu kijana wangu, akikosea nifuateni mimi." Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko hela, maana nani anampangisha mtu asiye na wa kumdhamini? Mjumbe akanijua, nikapata barua ya serikali ya mtaa, nikajiandikisha NIDA, kitambulisho cha taifa. Fundi wa kuchomelea naye alinipokea kwa jina la yule mama. Baadaye VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wakanipima ujuzi, nikapata cheti bila kukaa darasani miaka.

Kwa hiyo mama, mtafutie pa kuweka nguo na hela zake, na watu wajue ana mtu. Kilichomtoa kwao usimuulize mbele za wenzake. Kama alikuwa anapigwa, hapo hasemi.

MamaShani: Marahaba mwanangu. Kesho naenda kata. Begi lake nitaliweka stoo yetu, ufunguo ninao. Hapo kwako mnapokea wa kujifunza?

FundiGeti: Ustawi wakishasema sawa, mlete. Aje na viatu vya kufunika, cheche hazitaki kandambili. Kama hana, nambieni saizi yake.